Mzee Pumzi na Tangi la Binti Yake

Kuna watu hupewa jina la utani kwa sababu ya sura, wengine kwa sababu ya vituko vya ujanani. Mzee Pumzi alipewa lake kwa sababu ya swali. Katika karakana ya boti alikofanya kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuna aliyepita na tangi la maji mbele yake bila kuulizwa, "Lina pumzi hilo?" Aliwauliza mafundi wenzake, aliwauliza wenye boti, aliwauliza wapaka rangi, na siku moja alimuuliza mgeni aliyekuwa ameingia kutafuta choo. Mgeni alijibu kwamba hana hakika. Mzee Pumzi alitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akamwonyesha choo.

Karakana yenyewe ilikuwa banda refu la mabati lililofunguka upande wa maji. Boti za matanga zilipandishwa humo, zikasimamishwa juu ya magogo, na watu wakazipanda kwa ngazi kwenda kuzikwangua, kuzipaka rangi na kuzitukana. Mzee Pumzi alikuwa na kona yake nyuma kabisa: meza ya kazi yenye jiliwa la kubania vyuma, mirija ya mpira iliyoning'inizwa kwa unene wake, na kiti ambacho mtu mwingine akikikalia alihisi mwenyewe kwamba amekosea. Kazi yake ilikuwa matangi ya maji ya kunywa, basi. Injini hakuzigusa. Matanga hakuyagusa. Ukimuuliza habari za injini alikutazama kama umemuuliza habari za ndoa ya jirani.

Na mambo ya matangi si magumu. Hata asiye na boti anaweza kuyasikiliza bila kuumwa kichwa. Tangi hukaa chini ya sakafu ya boti, gizani, limejaa maji. Ukilijaza, hewa iliyomo lazima ipate pa kutokea. Ukichota, hewa lazima ipate pa kuingilia. Kwa hiyo tangi huwekewa mrija mwembamba wa hewa, kipumulio. Kazi ya kipumulio ni hiyo tu, lakini watu wazima wamenuniana kwa sababu yake. Wapo wanaokitoa nje, ubavuni mwa boti, kwa kuwa ni karibu na ni rahisi. Boti ikilala upande kwa upepo, ubavu ule unazama, maji ya bahari yanaingia, na mtu yuko mbali na kila kitu anakunywa chai ya chumvi. Mzee Pumzi alikipandisha chake ndani kwa ndani, juu kuliko mdomo wa kujazia, akakikunja kama mpini wa bakora, mdomo ukatazama chini juu ya sinki. Maji yakizidi, yanadondokea kwenye sinki. Bahari ikichafuka, haikioni. Mdomoni aliweka wavu mwembamba wa kuzuia wadudu, na kazi ikawa imekwisha.

Wadudu wenyewe alikuwa na kisa nao. Alipokuwa bado mgeni kazini, ililetwa boti moja iliyokuwa imekaa muda mrefu bila kuguswa. Nyigu wanaojenga kwa udongo walikuwa wamekiona kipumulio chake, wakakipenda, wakahamia. Mwenye boti hakujua. Alichomeka mpira wa maji kwenye mdomo wa kujazia, akaukaza kwa kitambaa ili tone lisipotee, akafungua bomba mpaka mwisho, akashuka chini kula chakula cha mchana. Tangi lilijaa, likakosa pa kupumulia, likavimba. Mbao za sakafu ziliinuka. Meza iliinuka. Mwenye boti, mtu mzito na mwenye heshima zake, aliinuka pamoja na sahani yake mpaka kichwa kikagusa dari, ndipo tangi likapasuka na kumrudisha chini. Tangu siku hiyo Mzee Pumzi hakuhitaji kushawishiwa na mtu juu ya habari za hewa.

Ni yeye pia aliyeanzisha mtindo wa kitambaa chekundu. Fundi yeyote akiziba tundu lolote kwa muda, labda ili vumbi la msasa lisiingie, alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Msimamizi wa karakana hakuruhusu boti ishuke majini kama usukani una kitambaa. Walioucheka mtindo huo mwanzoni waliushika vizuri baada ya boti moja kuteremshwa ikiwa na soksi ndani ya bomba la choo. Sidhani kama kuna haja ya kueleza zaidi.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mkewe, ambaye wote walimwita Mama Chiriku kwa jina la utani la binti yao, aliishi na tundu katika kila kifuniko. Pipa la maji la jikoni lilikuwa na tundu. Ndoo ya unga ilikuwa na tundu. Kopo la sukari lilitobolewa wakiwa bado wapya katika ndoa, sisimizi wakaingia kwa utaratibu, wamepanga mstari, na Mama Chiriku akamwambia mumewe maneno ambayo mpaka leo hayajarudiwa. Sukari ikahamia kwenye chupa yenye kifuniko kizima. Mzee Pumzi aliiona chupa ile kila asubuhi, na kila asubuhi alinyamaza. Kama hujawahi kuuona upendo, ulikuwa ndio huo.

Chiriku alikuwa mtoto wao wa pekee. Walimwita hivyo kwa sababu alianza kusema mapema na hakuona sababu ya kupumzika. Baba alikuwa na maneno machache, na hayo machache yalihusu matangi; mtoto akajazia pengo. Alikuwa akitoka shule anapitiliza karakanani, anakaa juu ya magogo, anasimulia nani kampiga nani na mwalimu kasema nini, na baba anafanya kazi huku akiitikia "mh" kila panapostahili. Alipokua akajifunza kushona matanga, akawa hodari, mpaka wenye boti wakawa wanangoja zamu zao kwake kwa adabu. Kisha, kwa kuwa mtu anayeshona matanga miaka nenda miaka rudi mwishowe hutaka kuona yanampeleka wapi, aliinunua boti kuukuu iliyotelekezwa nyuma ya karakana, yeye na rafiki yake aliyewahi kuwa muuguzi, wakaanza kuifufua.

Mwanzoni Mzee Pumzi hakuona shida. Boti zilizotelekezwa huwa haziendi popote. Ni namna ya watu wazima ya kuchafuka mwisho wa wiki. Lakini hii ilianza kukaa sawa. Ilipata mbavu mpya. Ilipata mlingoti. Ilipata matanga meupe ambayo Chiriku alikuwa ameyashona mwenyewe. Ndipo siku moja mezani, wakati wa chakula, Chiriku akatangaza kwamba watavuka bahari yote, wao wawili, upande hadi upande, majuma kwa majuma bila kuona nchi kavu. Upepo mzuri ulikuwa umebakiza muda mfupi kabla ya kugeuka. Wasipoondoka mwisho wa mwezi, ingekuwa mpaka mwaka mwingine.

"Haya," alisema mama yake, na kijiko kikagonga sahani kidogo. "Mmejiandaa?"

"Tumejiandaa, mama. Imebaki habari ya maji."

Wote wawili wakamgeukia baba. Mzee Pumzi alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Lina pumzi hilo tangi?" aliuliza.

"Tangi hakuna, baba. La zamani limeoza. Ndiyo maana nakuomba wewe. Kule hakuna bomba la kukimbilia. Maji yakitupotea, ndiyo basi tena."

"Mh," alisema Mzee Pumzi.

Hivyo ndivyo alivyoipata kazi hiyo. Alitaka kusema, Usiende. Neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi, halina kona. Lakini hakuwahi kumkataza binti yake jambo lolote tangu azaliwe, kwa sababu kukataza kunadai maelezo, na maelezo yanadai maneno, na maneno yote ya nyumba ile yalikuwa ya Chiriku. Chiriku alipokwenda zake, mkewe alimwambia huku akikusanya vyombo:

"Baba Chiriku, kama una neno, mwambie mtoto."

"Nitamtengenezea tangi."

"Sikusema tangi. Nimesema neno."

"La chuma kisichoshika kutu," alisema Mzee Pumzi, akatoka nje kwenda kulikagua pipa ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Na tangi alilitengeneza kweli kweli. Kwa siku kadhaa kona yake ilisikika ikilia nyundo na msumeno tangu karakana ifunguliwe. Chuma kilikuwa chembamba, kinang'aa, na kila pembe imechomelewa kwa mstari ulionyooka utadhani umepigwa rula. Alilisuuza tena na tena, kisha akatia kikombe, akachota, akanywa. Alilishusha chini ya sakafu ya boti ya Chiriku, akalifunga kwa mikanda lisicheze, akaupandisha mrija wa hewa nyuma ya kabati mpaka juu ya sinki, akaukunja, akauwekea wavu. Msimamizi wa karakana alipanda kutazama, akasema kazi ile ingefaa kuwekwa sebuleni. Kama Mzee Pumzi angeweka nyundo chini wakati ule, mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Tatizo ni kwamba Chiriku hakuacha kusimulia. Alikuwa akija na chai, anakaa kwenye ngazi za boti, na kumweleza baba yake kila alichokisoma na kila alichokisikia kwa mabaharia. Alieleza bila hofu yoyote, kama mtu anayeeleza harusi ya rafiki. Siku moja alisema katikati ya bahari mawimbi huwa marefu kuliko banda hili, na boti inaweza kulala mpaka mlingoti ukalamba maji.

"Mh," alisema Mzee Pumzi. Chiriku alipoondoka, akafungua kabati, akaweka kipande cha sponji nyuma ya wavu. Chumvi haiwezi kupita kwenye sponji kirahisi, alijiambia, na hewa inapita.

Siku nyingine Chiriku alisema kuna bandari huko mbele zenye wadudu wadogo ambao hata jina hawana. Baba yake akaongeza wavu wa pili, mwembamba kuliko wa kwanza, halafu wa tatu, kwa kuwa ule wa pili ulikuwa umebakiza kipande. Mwenzake Chiriku, yule muuguzi, akaja siku hiyo hiyo na sanduku la dawa, akalifungua kuonyesha wamejipanga namna gani. Yalikuwemo mabandeji, sindano na nyuzi za kushonea majeraha. Mzee Pumzi alilitazama sanduku lile kwa muda, akasema ni sanduku zuri. Kisha akaenda kwenye kona yake, akakata kizibo cha mpira wa tairi, akakichonga mpaka kikaingia kwenye mdomo wa kipumulio bila kuacha nafasi. Alikitoboa katikati tundu la kupitisha sindano. Hewa haina unene, alijiambia. Tundu la sindano linaitosha.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Huyu ni mtu ambaye, kama angekuta kizibo cha namna ile kwenye boti ya mtu mwingine, angekaa chini kwanza kwa mshtuko. Angeita karakana nzima ije kuona. Angekizungumzia mpaka anazeeka. Lakini alikiweka kwa mikono yake, akakizungushia kitambaa ili kisilegee, akajenga kisanduku cha mbao juu yake, akakifunga kwa skrubu na kukipaka vanishi. Kilipendeza. Na kwenye usukani hakufunga kitambaa chochote, kwa sababu kitambaa ni cha mtu aliyeziba. Yeye hakuona kama ameziba. Aliona amelinda.

Msimamizi alipokuja, aliutazama usukani, akaukuta mtupu, akatoa ruhusa. Boti ilishuka majini mchana kweupe, watu wakapiga makofi, Mama Chiriku akalia kidogo na kusema ni jua.

Kesho yake asubuhi ikawa ndiyo ya kujaribu maji. Muuguzi alikuwa mjini akimalizia manunuzi, kwa hiyo walikuwa wawili tu, baba na binti, boti imefungwa gatini. Chiriku alijaza tangi kama alivyofundishwa, mpira umelegea kwenye mdomo wa kujazia, bomba halijafunguliwa sana. Hata hivyo tangi lilikuwa likicheua. Kila baada ya muda maji yalirudi juu yakamrukia magotini.

"Baba, mbona linanitapikia?"

"Hewa tu hiyo. Tangi jipya."

"Lakini hewa si inatokea kwenye kipumulio?"

"Inatokea," alisema Mzee Pumzi. "Jaza."

Alijaza mpaka juu, akafunga kifuniko, akakikaza, akashuka ndani na kufungua bomba la sinki. Pampu ya umeme ikaamka. Maji yakatoka safi, ya kujivunia, na Chiriku akapiga kigelegele kifupi, akakinga mikono na kunywa. Kisha maji yakawa membamba. Pampu ikabadilisha sauti, ikawa kama mtu anayevuta uji kwa mrija.

"Baba, hii pampu inalia."

"Ngeni. Inazoea."

"Inalia vibaya."

Mzee Pumzi alikwisha kujua. Alijua tangu tangi lilipocheua mara ya kwanza, kama unavyojua hatua iliyokosea ngazi kabla hujaanguka. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye swichi ya pampu, lakini ulikwenda taratibu, kwa aibu, na haukufika kwa wakati. Chini ya miguu yao kukapigwa mshindo mmoja mzito uliotikisa vikombe kabatini. Pampu ikanyamaza yenyewe. Boti ikacheza kidogo kwenye kamba zake.

Chiriku aliinua ubao wa sakafu. Tangi lililokuwa limenyooka kama ukurasa lilikuwa limebonyea upande mzima kwa ndani, limekunja uso. Pampu ilikuwa imechota maji, hewa ya kujaza nafasi yake haikuingia, na chuma kikaenda ndani.

Aliushusha ubao. Alitoka nje akautazama usukani. Akarudi, akachukua bisibisi, akafungua kisanduku kilichopakwa vanishi, skrubu moja baada ya nyingine. Akatoa kitambaa. Akatoa kizibo cha mpira. Akatoa nyavu, akatoa sponji iliyolowa. Vyote akavipanga pembeni mwa sinki kwa mpangilio alivyovitoa, akavitazama kwa muda. Mzee Pumzi naye alivitazama. Vikiwa vimepangwa pale mwangani havikufanana na ulinzi wa aina yoyote.

"Kitambaa chekundu hukufunga," alisema Chiriku.

"Sikufunga."

"Kwa nini, baba? Ni wewe uliyetufundisha."

"Sikuona kama nimeziba."

Chiriku alikiinua kizibo, akakielekeza kwenye dirisha, akafumba jicho moja. Tundu la sindano lilikuwepo, limezibwa na tone la maji.

"Lingepasuka kule," alisema taratibu, "tungeamka asubuhi tukakuta maji yote ya kunywa yanachezacheza chini ya sakafu pamoja na mafuta. Mimi na mwenzangu. Ningejuaje, baba? Ningesema, tangi la baba yangu hilo, tafuteni tatizo kwingine. Ningelitafuta kwingine mpaka tunakufa kiu."

Mzee Pumzi aliketi kwenye ngazi.  Aliona aibu ya fundi, na aibu ya fundi aliijua; inachoma halafu inapoa. Chini yake palikuwa na kitu kingine ambacho hakikupoa. Akilini alimwona binti yake akitikisa pipa tupu juu ya maji yasiyo na mwisho, na mkono uliolimaliza lile pipa ulikuwa wake.

"Tangu nianze kuijenga boti hii," Chiriku alisema, "hujaniuliza swali hata moja."

"Nimekuuliza."

"Umeniuliza tangi lina pumzi. Mimi hujaniuliza. Hujaniuliza naogopa au siogopi, tunakula nini, nani analala nani anakesha. Mama ameuliza yote, mpaka soksi. Wewe unakuja na sponji."

Mzee Pumzi alinyoosha mkono, akaichukua sponji, akaikamua. Neno lile fupi lilikuwa limekaa mdomoni muda mrefu hata likawa kama jino.

"Sitaki uende," alisema.

Nje boti nyingine ilipita, maji yakapiga ubavu, vikombe vikagongana.

"Nakuogopea. Nikikusikia unasimulia mawimbi, nakwenda kutafuta cha kuziba. Sitaki uende, mwanangu. Ndilo nililokuwa nalo."

Chiriku alivuta pumzi ndefu na kuishusha. "Haya," alisema. "Nimesikia, baba. Ahsante kwa kuniambia."

"Na bado unakwenda?"

"Bado nakwenda."

"Mh," alisema Mzee Pumzi.

Kilichobaki kilikuwa kazi. Chiriku ndiye aliyeanza, kwa sauti ya mtu anayejipa moyo asivunjike.

"Kubonyea kunarekebishika?"

"Kunarekebishika. Kesho kutwa limenyooka." Mzee Pumzi alijifuta uso kwa mkono. "Shida ni maungio. Chuma kikiingia ndani kwa nguvu namna ile, pembe zinaweza kuchanika. Zikichanika, tangi hili halifai. Ni kutengeneza jingine, na kulitoa hili ni kuvunja sakafu yote."

"Na upepo utakuwa umegeuka."

"Utakuwa umegeuka."

"Basi angalia, baba."

Pembe ya hatari ilikuwa ile ya nyuma kabisa, chini, kati ya tangi na ubavu wa boti, mahali pasipofika jicho la mtu ila kwa kioo kidogo chenye mpini, tena awe mtu mwenye mkono mrefu na aliyezoea kusoma maungio kwa kinyume. Katika karakana nzima mtu huyo alikuwa mmoja. Mzee Pumzi alilala kifudifudi, akaingiza kichwa na bega ndani ya sakafu, akanyoosha mkono wenye kioo mpaka ukaishia. Chiriku alipiga magoti kando yake akammulikia kwa tochi.

Aliyaona maungio. Yalikuwa mazima. Mstari ulikuwa umekaa kama siku alipouchomelea, hauna ufa, hauna hata kivuli cha ufa.

Hapo ndipo ilipomjia. Hakuna mtu mwingine angeingiza kichwa humu kuhakikisha. Msimamizi angelichukua neno lake. Muuguzi angelichukua. Chiriku angelia, kisha angelichukua, kwa sababu hajawahi kusikia baba yake akikosea juu ya maungio. Neno moja, Limechanika, na mtoto yuko nyumbani mwaka mzima. Katika mwaka mmoja watu hubadili nia. Hupata kazi nyingine, huchoka, boti hurudi nyuma ya karakana. Na hili halikuwa gumu kama lile la Sitaki uende, lililomchukua siku nyingi kulitoa. Hili lilikuwa neno la kazi, na maneno ya kazi hayakuwahi kumpiga chenga.

Alikipitisha kioo tena, polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine. Aliutafuta ufa kwa moyo wake wote. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kutamani kuona ufa namna ile, hata wa unywele, hata wa kubahatisha, wa kumwezesha kusema uongo ulio nusu kweli. Hakuupata. Alikuwa ameifanya kazi ile vizuri mno.

"Baba?" Chiriku alisema juu yake. "Vipi?"

Harufu ya maji safi na chuma ilikuwa imejaa humo ndani. Tone lilidondoka mahali fulani.

"Maungio ni mazima," alisema Mzee Pumzi.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Limebonyea tu. Nitalinyoosha, na mrija nitaurudisha kama ulivyokuwa siku ya kwanza, wavu mmoja." Sauti yake ilitoka chini ya sakafu kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Mnaweza kwenda."

Ukaguzi ulikuwa umekwisha. Kioo kilikuwa kimeshawekwa chini, na hapakuwa na kitu kingine cha kutazama kule gizani isipokuwa ubavu wa boti. Lakini Mzee Pumzi hakukitoa kichwa. Alibaki amelala vile vile, uso chini, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Chiriku aliyaona. Akaendelea kumshikia tochi.